Umefuata Maporomoko, Umekuta Mawe: Vidokezo kwa Mpiga Picha Anayekwenda Mbulu na Hanang

Mtandaoni, maporomoko yana maji mwaka mzima. Mbulu na Hanang yanafuata mvua, na mvua haijui umeomba likizo lini.

1. Ulizia mvua kabla ya kuulizia njia. Huku hunyesha kati ya Novemba na Mei, kwa kupumzikapumzika. Oktoba makorongo mengi ni mawe matupu. Aprili maji ni tele, ila rangi yake ni chai ya maziwa. Mimi ningechagua Juni: mvua imekatika, mito ya kutoka misitu ya juu kama Nou bado inashuka, na barabara zimeanza kushika. Mpigie mwenyeji wako siku moja kabla, akutumie picha aliyoipiga leo. Ya mwaka jana haikusaidii.

2. Hesabu saa, achana na kilomita. Lami ya Babati hadi Singida itakufikisha Katesh bila jasho. Ukishaiacha, mvua ya nusu saa kwenye udongo mweusi wa mbugani inatosha kukulaza njiani. Ukikwama, vijana watatokea hata pale ulipodhani hakuna mtu. Patana bei kabla hawajaanza kusukuma, si gari likishatoka.

3. Maji hakuna? Geuza gari. Kiangazi kilichokunyima maporomoko ndicho kinachoanika chumvi ya Ziwa Balangida, chini kabisa ya Mlima Hanang. Fika alfajiri, inama hadi kamera ikaribie ardhi, na nyufa za chumvi zitajaza nusu ya chini ya picha. Juu yake weka mlima wote, mita zake 3,420. Mwanga wa pembeni ndio unaotoa vivuli kwenye nyufa hizo. Saa nne ukiwa bado unapiga, utapata weupe mtupu. Na usilipeleke gari juu ya ganda lile hata likionekana gumu, maana chini yake kuna tope. Ukibakiwa na siku, sogea Basotu, ziwa lililokaa ndani ya kreta.

4. Maji yapo, ila jua limewaka? Weka ISO 100, funga lenzi hadi f/16, tumia stendi, na tafuta kona yenye kivuli. Maji yanaanza kulainika kama kwenye nusu sekunde. Filta ya polaraiza hupunguza mng'ao wa mawe yaliyolowa na kukuongezea muda kidogo. Huna stendi? Jiwe na sweta vinatosha, na sweta utakuwa nayo tu, kwa baridi ya Mbulu.

5. Mawingu yakigoma kuondoka, shukuru: kijani cha msitu hakijawahi kupendeza chini ya jua la saa sita. Lakini mvua ikipiga huko juu, toka korongoni mara moja, hata kama ulipo ni pakavu. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Wenyeji wakikuambia ondoka, usibishane nao.

6. Ukipitia mnada wa mifugo, salimia kwanza. Wanawake wa Kibarabaig wenye chale za duara kuzunguka macho na mavazi ya ngozi hupigwa picha na kila mpita njia. Wengi wamechoka, na wana haki. Omba ruhusa kamera ikiwa bado begani. Ukikataliwa, piga ng'ombe.

7. Vibali visisubiri ufike. Mlima Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo ulizia kiingilio na mwongozaji mapema. Droni inahitaji kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na cha Wizara ya Ulinzi. Chapisha nakala za karatasi, kwa sababu simu iliyozima haiwezi kumwonyesha mtendaji wa kijiji kitu chochote.