FAIDA YA KUSOMA ELIMU YA VIUMBE HAI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiumbe kwa kadiri yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

SWALI. Kijana aliyekwisha khitimu Msahafu ana haja gani tena ya kusoma elimu ya viumbe hai, iitwayo bayolojia?

JAWABU. Jueni, ndugu, ya kuwa elimu ni namna mbili. Ya kwanza ni fardhi aini, impasayo kila mtu nafsi yake, kama kujua tohara na sala. Ya pili ni fardhi kifaya: wakiwapo wa kuitimiza, wengine wamesalimika, asipokuwapo hata mmoja, mji mzima umepata dhambi. Imamu Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafii, ameihesabu tiba katika fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi na hali miji yao haina tabibu Muislamu. Na tiba haisimami pasipo kuujua mwili na viumbe viudhuruvyo.

MFANO WAKE. Mtoto wa Fukayosi, wilaya ya Bagamoyo, hushikwa na homa usiku, kisha degedege. Wako wasemao: ni shetani, asipigwe sindano, atakufa. Hufukizwa ubani hata alfajiri, na alfajiri ni maiti. Aliyesoma ajua ya kuwa degedege la homa kali mara nyingi ni malaria. Mbu jike wa anofelesi, aumaye usiku, humtia mtu vijidudu visivyoonekana kwa macho. Huingia katika ini, vikazaana siku kadhaa, kisha vikaingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo zikiziba mishipa myembamba ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu.

Daktari Ronald Ross aliviona vijidudu hivyo katika tumbo la mbu mwaka 1897, huko Secunderabad, Bara Hindi. Tena chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika, na watoto wa Bagamoyo walikuwamo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

TANBIHI. Mbu ametajwa katika Sura ya Baqara, aya ya 26. Basi vipi Muislamu amsome katika Msahafu, asimjue katika dimbwi la uani kwake, anamotaga mayai? Wala asidhani mtu ya kuwa dawa yaondoa tawakali. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kujitibu. Dua na isomwe, na mtoto apelekwe zahanati saa ile ile.

Basi baba asimtoe mwanawe skuli kwa hoja ya chuo, wala asimtoe chuoni kwa hoja ya skuli. Mji wenye mashekhe na hauna matabibu, deni lake lingali shingoni mwake.

Wallahu aalam.