Kuhama chuo bila kupoteza masomo

Nchini Marekani wanafunzi wengi, wakiwemo vijana wa familia zilizotoka Kongo, Burundi na Tanzania, huanza katika chuo cha jamii. Vyuo hivi hutoa masomo ya miaka 2 kwa ada nafuu, na mwanafunzi anaweza kuendelea kuishi nyumbani. Baadaye huhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Njia hii ni nzuri, lakini inahitaji maandalizi.

Tatizo liko wapi?

Kila somo analofaulu mwanafunzi lina krediti zake. Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120. Mwanafunzi akihama, chuo kipya ndicho kinachoamua kupokea krediti zipi. Mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Somo lililokataliwa hulipiwa mara mbili: kwa fedha na kwa muda.

Mfano wa hesabu

Tuchukulie kwamba mwanafunzi ana krediti 60, na kwa mwaka anaweza kusoma krediti 30.

- Chuo A kinatoza dola 9,000 kwa mwaka na kinapokea krediti zote 60. Imebaki miaka 2: dola 18,000.
- Chuo B kinatoza dola 7,500 lakini kinapokea krediti 36 tu. Imebaki karibu miaka 3: dola 22,500.

Chuo kilichoonekana rahisi ndicho ghali.

Hatua za kufuata

1. Chagua fani mapema. Krediti inaweza kupokelewa lakini isihesabike katika shahada unayoitaka. Uliza yote mawili.

2. Tafuta makubaliano kati ya vyuo. Vyuo vingi vya jamii vina makubaliano ya maandishi na vyuo vikuu vya jimbo lao. Huko California, tovuti ya ASSIST huonyesha somo kwa somo kinachopokelewa na vyuo vikuu vya umma. Vilevile, kampasi 6 za University of California humhakikishia nafasi mwanafunzi wa chuo cha jamii cha California aliyetimiza masharti.

3. Anza na jimbo unaloishi. Vyuo vikuu vya umma kwa kawaida huwatoza wakazi wa jimbo ada ndogo kuliko wageni.

4. Pima ubora. Hakikisha chuo kina ithibati. Kwa uhandisi, angalia pia ithibati ya ABET. Tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, iliyoanza mwaka 2013, huonyesha ni wanafunzi wangapi humaliza na kipato chao baadaye. Chuo ambacho wengi huacha njiani si nafuu, hata ada ikiwa ndogo.

5. Uliza gharama halisi. Jaza fomu ya FAFSA kila mwaka. Mwenye hadhi ya ukimbizi au ukazi wa kudumu anaweza kuomba pia. Vikokotoo vya gharama katika tovuti za vyuo mara nyingi vimetengenezwa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza. Kwa hiyo iandikie ofisi ya misaada ya fedha, uulize ruzuku kwa wanaohamia.

6. Pata jibu kwa maandishi. Kabla ya kulipa chochote cha kushikilia nafasi, omba orodha ya masomo yaliyopokelewa. Somo likikataliwa, peleka muhtasari wake na uombe lipitiwe upya. Tunza mihtasari ya masomo yote.

Maswali ya kujadili katika familia au kikundi

- Je, kijana wetu ameshamwona mshauri wa masomo kuhusu kuhama? Alimwambia nini?
- Imebaki miaka mingapi katika kila chuo tunachokifikiria? Jumla yake ni kiasi gani?
- Nani kati yetu amewahi kuhama chuo, na anaweza kumsaidia mwingine?